BUSTANI YA MBOGA MWEZI WA SABA: MAVUNO NA MASHIDA YAKE



Somo hili ni la bustani ya nyumbani, ile inayolimwa pasipo mbolea ya gunia na pasipo dawa ya sumu. Tunataka kueleza namna gani inaweza kulisha watu katika mwezi wa sita na wa saba, wakati mvua inapungua kwetu Kisangani. Tunaandika sasa sababu vakansi kubwa iko karibu, na bustani haijui vakansi. Ikiachwa majuma mawili bila mutu, panzi, mbuzi na majani mabaya watachukua yote tuliyolimia tangu mwezi wa nne.

Kuna neno lingine tena. Mwaka 2019 serikali iliondoa malipo katika shule za msingi za serikali, lakini sekondari haikuguswa. Mama wengi wa mji huu wanauza mafungu ya lenga-lenga kusudi mtoto aingie darasani mwezi wa tisa na madaftari yake. Mboga ya mwezi wa saba ndiyo daftari la mwezi wa tisa. Basi anayesema bustani ni kazi ya wazee ao ya adhabu, aangalie kwanza nani aliyemlipia shule.

1. MAJIRA YA KWETU SI YA ULAYA

Vitabu vingi tunavyosoma viliandikwa Ulaya. Ndani yake mwezi wa saba ni wakati wa joto kubwa na wa mavuno mengi. Kule, kadiri ya tarehe 21 ya mwezi wa sita, mchana ni mrefu sana: Paris unapata saa 16 za mwanga. Kisangani iko nusu digrii tu kaskazini ya ikweta. Mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima, na joto linazunguka digrii 25, mwezi wa kwanza kama mwezi wa saba.

Kinachobadilika kwetu ni mvua. Kwa mwaka tunapata kadiri ya milimeta 1 800. Hakuna mwezi unaokauka kabisa, lakini kuna vipindi viwili ambapo mvua inapungua: kimoja tangu mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili, kingine mwezi wa sita na wa saba. Mambo haya yamepimwa siku nyingi, hasa Yangambi, kama kilometa 100 kwa kushuka mto, ambako taasisi ya utafiti wa kilimo INEAC, iliyoundwa mwaka 1933, iliweka kituo chake kikubwa.

Kwa nini tunaanza na majira? Sababu watu wanapoteza franka zao hapa. Wananunua paketi ya mbegu yenye picha nzuri, nyuma yake imeandikwa «panda mwezi wa nne, vuna mwezi wa saba», nao wanafuata. Maneno yale yaliandikwa kwa inchi nyingine. Tutoe mifano miwili.

Kitunguu. Aina nyingi za vitunguu vya Ulaya zinangoja mchana wa saa 14 ao zaidi ndipo zifanye kichwa. Kwetu mchana ule hautafika hata siku moja. Mutaona majani marefu ya kijani, lakini chini hakuna kitu. Anayetaka kujaribu atafute aina za mchana mfupi, zinazotosheka na saa 12.

Kabichi. Hii inapenda baridi kidogo, digrii 15 mpaka 20. Ndiyo maana kabichi nzuri inatoka milima ya Kivu, upande wa Butembo, inakuja kwa lori katika barabara ndefu, na inapofika sokoni bei yake imepanda. Katika joto letu kabichi nyingi zinakataa kufunga kichwa.

Basi tusililie mboga za watu. Tuko na zetu zinazopenda jua na joto: lenga-lenga, matembele, ngai-ngai, sombe, bamia, biringanya na pilipili.

2. UDONGO WETU NI MASIKINI, LAZIMA TUULISHE

Mugeni anaona pori letu refu, anafikiri udongo wake ni tajiri. Haiko vile. Chakula cha miti kiko zaidi katika miti yenyewe na katika majani yanayooza juu ya udongo. Chini yake kuna udongo mwekundu ao wa manjano, mara nyingi wa mchanga, wenye uchachu, uliooshwa na mvua kwa miaka maelfu. Wazazi wetu wanalijua jambo hili vizuri: wakikata pori na kuchoma, jivu linatoa mavuno mazuri mwaka wa kwanza, kisha udongo unachoka, nao wanahamia mahali pengine. Lakini katika lupango ya Mangobo, ya Kabondo ao ya Tshopo utahamia wapi? Mahali ni pamoja tu. Lazima kuurudishia udongo kile tulichoutoa.

Chakula cha udongo ni komposti, ndiyo mbolea ya majani yaliyooza. Mwingereza Albert Howard aliyefanya kazi India alijifunza mengi kwa wakulima wa kule, na mjini Indore, katika miaka ya 1920, alipanga namna ya kuitengeneza kwa utaratibu. Kitabu chake cha mwaka 1940 kilienea sana, na watu wengi wanaolima bila sumu wanamhesabu kama mwalimu wao.

Sisi tunafanya hivi:

a) Chagua mahali pa kivuli, pasipotuama maji. Panga vijiti chini ili hewa ipite.

b) Weka majani makavu kadiri ya sentimeta 20, kisha majani mabichi, kisha mavi ya kuku ao ya mbuzi kidogo, jivu la jikoni kidogo, na udongo wa juu. Rudilia mpaka fungu lifike mita 1 na nusu.

c) Funika kwa majani ya ndizi. Neno hili wengi wanalisahau. Mvua kubwa ikipita ndani ya komposti kila siku, inaondoka na chakula chote, na kinachobaki ni takataka.

d) Choma fimbo katikati. Kisha siku tano uitoe na kuishika: ikiwa ya moto, kazi inaendelea. Ikiwa baridi na kavu, nyunyiza maji. Ikiwa baridi na inanuka, kuna maji mengi: geuza fungu ili hewa iingie.

e) Geuza kila majuma matatu. Katika joto letu, miezi miwili ao mitatu inatosha.

Majani ya kuweka hayakosekani. Kuna ile mimea ya maua ya manjano inayofanana na alizeti ndogo, iliyojaa kando ya barabara. Kuna maganda ya mpunga yanayotupwa karibu na mashine za kukoboa. Hata yale majani yanayoelea mtoni, ambayo watu wanayaita Kongo ya sika, yaliyoingia katika mto wetu miaka ya 1950 na kusumbua mitumbwi, yanaoza vizuri katika komposti. Lakini mavi ya watu hapana, hata kidogo. Yanaleta minyoo na kipindupindu.

Tuta liwe na upana wa mita 1,20, ili mkono ufike katikati pasipo kukanyaga. Liinuliwe sentimeta 20 ao 25, sababu hata katika miezi mikavu mvua moja kubwa inaweza kuoza mizizi. Tia ndoo moja ya komposti kwa kila mita ya mraba kabla ya kupanda. Na usichague mabonde ya chini kabisa kwa kufuata maji. Mwisho wa mwaka 2023 na mwanzo wa 2024 mto Kongo ulijaa kupita kiasi cha miaka mingi, na bustani za mabondeni ndizo za kwanza kufunikwa.

3. HESABU YA MAJI

Hapa wale wanaouliza «hesabu itatusaidia nini» watapata jibu. Mvua ya milimeta 1 ni sawa na litre 1 ya maji katika mita 1 ya mraba. Twaa kopo lenye kuta zilizonyoka, liweke mahali pa wazi, na kila asubuhi pima maji kwa rula.

Katika siku kavu mboga za majani zinahitaji kadiri ya litre 5 kwa mita ya mraba kila siku. Tuta letu lina urefu wa mita 10 na upana wa mita 1,20, ni mita za mraba 12. Litre 5 mara 12 ni litre 60, ndiyo bidoni 3 za litre 20. Matuta manne yanaomba bidoni 12 kila siku. Sasa munaelewa kwa nini bustani nyingi zinakufa mwezi wa saba: shingo za watoto zinachoka mbele ya mboga.

Lakini mvua ikileta milimeta 12, tuta lile limepata litre 144, yaani zaidi ya bidoni 7. Yule anayepima anapumzika siku ile na kesho yake. Yule asiyepima anachota bure, na tena anaozesha mizizi.

Kuna namna tatu za kupunguza bidoni. Ya kwanza, funika udongo kati ya mimea kwa majani makavu ao maganda ya mpunga; jua halitakunywa maji yako. Ya pili, nyunyiza asubuhi mapema ao jioni, si saa sita. Ya tatu, ingiza kidole ndani ya udongo mpaka kifundo cha pili kabla ya kuchota: kidole kikitoka na unyevu, ngoja.

Maji yenyewe yatoke mahali safi. Mfereji unaopita karibu na vyoo si maji ya mboga.

4. MAVUNO: NINI, LINI, NAMNA GANI

Lenga-lenga. Mbegu zake ni ndogo sana, gramu 1 ina zaidi ya 1 000. Changanya na mchanga mkavu kabla ya kumwaga katika kitalu. Kisha majuma mawili ao matatu, hamisha jioni, ukiacha sentimeta 20 kila upande. Tuta letu litachukua mistari 6 ya mimea 50, ni mimea 300. Kisha majuma matatu mengine ao manne, kata shina kwa kisu sentimeta 15 juu ya udongo, na uache majani mawili ao matatu chini. Shina litatoa matawi mapya, utakata tena kisha majuma mawili. Aliyepanda tarehe 10 ya mwezi wa tano anakata mara ya kwanza kadiri ya tarehe 21 ya mwezi wa sita, na mara ya pili mwanzo wa mwezi wa saba. Ikitunzwa vizuri, mita moja ya mraba inaweza kutoa kilo 1 mpaka 2.

Mimea mitano iliyo mizuri kuliko yote usiikate. Iache izae mbegu. Ukisugua kichwa chake mkononi na mbegu nyeusi zinaanguka zikingaa, zimekomaa. Kausha kivulini, weka ndani ya chupa kavu pamoja na jivu kidogo. Watu wengi wanaweka mbegu ya mimea dhaifu iliyobaki sababu haikuuzika, kisha wanashangaa mwaka unaofuata.

Matembele. Kata vipande vya sentimeta 30, panda kwa kulaza. Chuma ncha tu. Mmea huu unavumilia siku kavu na unafunika udongo wenyewe.

Ngai-ngai. Inapandwa kwa mbegu ao kwa vijiti. Ukivunja ncha, matawi yanaongezeka. Haiombi mengi.

Sombe. Chuma majani machanga, lakini usinyonyoe mti mzima, sababu muhogo chini utabaki mwembamba. Na mama zetu wako na haki wanapotwanga na kupika muda mrefu: majani mabichi ya muhogo yana sumu, kutwanga na kuchemsha ndiko kunakoiondoa.

Bamia na biringanya. Bamia ivunwe kila siku mbili, ingali laini. Ikizeeka inakuwa kamba, na mti unaacha kuzaa.

Tomati. Hii ndiyo inayopenda mwezi wa saba kuliko miezi ya mvua nyingi, sababu majani yakikauka upesi ukungu unapungua. Ifunge kwa kijiti, ondoa majani ya chini yanayogusa udongo, na umwagie maji mizizini, si juu ya majani.

Mboga za kijani kibichi zina kile ambacho mwili unageuza kuwa vitamini A kwa macho, na zina chuma kwa damu. Zikipikwa na mafuta ya mawese, mwili unazipokea vizuri zaidi. Basi tusiuze fungu lote na kubaki na fufu kavu. Fungu moja kwa soko, fungu moja kwa chungu.

5. ADUI ZA BUSTANI

Panzi wanaonuka, wale wenye rangi ya kijani, nyeusi na manjano. Majike wanakusanyika mahali pamoja kutaga mayai ndani ya udongo. Ukiona mkutano ule, tia alama, kisha chimba na kufunua mayai juani. Kazi ya saa moja inaokoa majuma mengi.

Funza wa lenga-lenga, anayekunja majani na kuyafunga kwa uzi. Pita asubuhi, chuma majani yaliyokunjwa, uwape kuku. Usiende kumuwinda mara moja kwa juma. Kila siku ya pili ndiyo kipimo.

Chawa za mimea, zinazojaa chini ya majani ya bamia. Yeyusha gramu 5 mpaka 10 za sabuni ya kawaida katika litre 1 ya maji, nyunyiza chini ya majani jioni. Jaribu kwanza juu ya majani machache, yasipoungua, endelea.

Mnyauko wa tomati. Mmea ulio mzuri asubuhi unalegea saa sita, na kisha siku chache umekufa ungali kijani. Kata shina karibu na udongo, lining'inize ndani ya glasi ya maji safi. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, ni bakteria zinazokaa ndani ya udongo. Dawa haiko. Ngoa, choma, na mahali pale usipande tomati, biringanya wala pilipili kwa miaka kadhaa, sababu ni za ukoo mmoja. Panda mahindi.

Mbuzi na kuku wa jirani. Hapa hakuna sabuni. Ni uzio, na mazungumzo ya heshima na baba ao mama wa jirani kabla ya kushika fimbo.

6. KUHUSU SUMU

Mutu atauliza: kwa nini taabu hii yote, na kuna dawa sokoni zinazoua vidudu siku moja? Tumjibu kwa kweli. Dawa zile zinaua, ndiyo. Lakini nyingi zinauzwa zimemiminwa ndani ya chupa ndogo pasipo karatasi. Hujui jina, hujui kipimo, hujui siku ngapi za kungoja kabla ya kula. Lenga-lenga inavunwa kisha majuma machache, na tunakula jani lenyewe lililonyunyiziwa. Haina ganda la kutoa.

Mwaka 1962 Mumarekani Rachel Carson alionyesha namna dawa kama DDT zinavyopita toka kidudu mpaka kwa ndege na samaki. Mapatano ya Stockholm ya mwaka 2001 yaliifungia DDT isitumike mashambani, na mwaka 2011 endosulfan iliingizwa katika orodha ya sumu za kukomeshwa. Hata hivyo, sheria ya dunia haisomeki juu ya chupa isiyo na karatasi.

Lakini tusidanganyane upande mwingine pia. Kitu cha pori si lazima kiwe salama. Maji ya tumbako yanaua vidudu sababu yana sumu kali kwa mutu vilevile, na tumbako inaweza kuleta ugonjwa katika tomati. Hatuitumii. Maji ya pilipili iliyotwangwa yanafaa kufukuza vidudu, lakini linda macho, na ngoja siku tatu kabla ya kuvuna.

7. MPANGO WA VAKANSI

Lenga-lenga zote zikatwe mara ya mwisho kabla ya siku ya matokeo. Nusu ya matuta yapandwe matembele na ngai-ngai, zinazovumilia kuachwa. Nusu nyingine yafunikwe kwa majani manene, ili udongo usioshwe wala kuchomwa na jua. Wanaobaki mjini wajiandikishe wawili wawili: kila kundi siku tatu kwa juma, saa moja asubuhi. Anayechunga ndiye anayechuma kwa zamu yake. Asiyefika zamu mbili jina lake linatolewa, mwingine anaingia. Mwezi wa tisa tukirudi, udongo utakuwa tayari na mvua nyingi itakuwa imerudi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kopo limeonyesha milimeta 8. Tuta la mita 6 kwa mita 1,20 limepata litre ngapi? Ni bidoni ngapi za litre 20?

2. Kwa nini kitunguu cha mchana mrefu hakifanyi kichwa Kisangani?

3. Fimbo ya komposti imetoka baridi na inanuka. Utafanya nini?

4. Jirani anakupa chupa ya dawa isiyo na karatasi. Utamjibu namna gani, pasipo kumkosea heshima?

Majibu yaletwe kwa kikundi cha bustani siku ya posho. Atakayejibu yote vizuri atapewa mbegu za lenga-lenga za kutosha tuta moja, akazipande kwao.